"Nikisahau neno la siri, si fundi atafungua?"

SWALI: Nyumbani tuna laptopu moja, Windows 11, tunaitumia mimi, mume wangu na watoto. Kila siku tunaingia kwa PIN. Naogopa ipo siku tutasahau. Kuna fundi Kariakoo anataka kuniuzia flashi yenye programu ya kufungua kompyuta yoyote, niiweke ndani kama akiba. Ninunue? – Mama wa watoto watatu, Tabata

JIBU: Usinunue, dada yangu. Flashi kama hiyo ina nafasi pale tu ambapo diski haijasimbwa, yaani data zake hazijafungwa kwa msimbo. Laptopu nyingi za Windows 11 hujisimba zenyewe ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft, wala hukuulizwa. Hapo hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Marekani atakayesoma faili zako bila ufunguo wa kurejesha, na ufunguo huo ni tarakimu 48.

Linaloniumiza kila siku ni hilo la "fundi atafungua". Mtu analipa, anarudishiwa mashine "imefunguka", akifika nyumbani anakuta Windows mpya na folda ya picha tupu. Hakuna kilichofunguliwa, imepigwa window tu. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea laptopu ya namna hiyo, ripoti yake ya utafiti ilikuwa humo, na alikuwa ameahidiwa kwamba data "zitatafutwa". Diski iliyosimbwa ikishafutwa hivyo, hakuna cha kutafuta. Fundi alilijua hilo au hakulijua, na yote mawili ni mabaya.

Kazi yako ni ya leo, wakati bado unaingia. Fungua mipangilio, upande wa akaunti. Ukiona barua pepe chini ya jina lako, ni akaunti ya Microsoft. PIN ni ya mashine hiyo tu. Ukiisahau utaweka nyingine palepale kwenye skrini ya kuingilia, mradi una intaneti na neno la siri la akaunti unalijua. Wengi hawalijui, kwa kuzoea PIN. Kisha ingia aka.ms/myrecoverykey, nakili zile tarakimu 48 kwa mkono, uzihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, si ndani ya laptopu hiyohiyo.

Angalia na namba ya simu iliyo kwenye akaunti. Hapa ndipo wengi wanakwama: laini ilishapotea au imeshapewa mtu mwingine, na namba ya uthibitisho inatumwa huko. Ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo bila kuwa na ya zamani hata moja, Microsoft hukusubirisha siku 30. Weka barua pepe ya pili na namba ya mumeo.

Kama akaunti ni ya ndani ya mashine, haina barua pepe, tengeneza flashi ya kuweka upya neno la siri ukitumia Windows yenyewe, bila kulipa mtu. Moja inatosha hata ukibadilisha neno la siri baadaye. Ifungie kabatini, kwa sababu yeyote atakayeishika ataingia.

Na fundi yeyote akikwambia atafungua bila kufuta kitu, muulize kwanza kama diski imesimbwa. Asipokuwa na jibu, chukua laptopu yako uondoke.