Re: Mkunga mwenzangu ananifokea mbele ya wamama, nihame ama niripoti?

Sasa sista, pole. Kama nimekusoma poa, una miezi mitatu leba wodi, mkunga mkongwe anakugombeza mbele ya wamama na rota (ratiba ya zamu) inakupa usiku mfululizo.

Usihame bado. Anza na rota, piga picha ya kila moja tangu uingie uhesabu usiku zako na za wengine, maneno watakana lakini rota haikaniki. Mimi yalinipata hospitali moja hapa Nairobi, mkunga mkongwe wa huko alikuwa anangoja mgonjwa akisukuma ndio aniite mjinga, mpaka nikawa naogopa kumuita hata presha ya mgonjwa ikipanda, na hapo ndipo nilijua hii si matusi tu, mtu anaweza kufa. Nikaanza kuandika kwa kadaftari: tarehe, saa, alisema nini, nani alikuwepo (majina ya wagonjwa usiweke tafadhali).

Nikamshika chumba cha chai tukiwa wawili, nikamwambia nikikosea nirekebishe lakini si mbele ya mama. Alitulia wiki mbili akarudia. Sasa ndio nikaenda kwa inchaji (msimamizi wa wodi), halafu barua kwa matroni (mkuu wa wauguzi), kopi nikabaki nayo. Taja kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, haki ya kutendewa haki kazini. Kama inchaji ndiye anafoka, hiyo sijapitia, ila ningeenda moja kwa moja kwa matroni na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Na kuna mkunga wa zamu ya usiku alikuwa ananiwekea chai, ananionyesha patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama) polepole bila kunicheka. Huyo ndiye alinifanya nisiache kazi, tafuta wako.