Mawe mapya, themostati bado yalia betri

SWALI: Assalamu alaykum, wahariri. Kiyoyozi cha nyumba yetu ya wageni hapa Shela, Lamu, kinaongozwa na themostati ya ukutani yenye mawe mawili ya AA. Nikitia mawe mapya, wiki tatu haziishi alama ya betri imeanza kumwekamweka. Stima ikipotea, kioo huzima na saa hurudi mwanzo. Ninunue nyingine?
Msomaji, Shela

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu. Usinunue bado. Stima ikiwepo, toa mawe yote mawili utazame kioo. Kikizima, umeme wa transfoma ya kiyoyozi haufiki na mawe yanabeba mzigo wote. Fundi akague waya wa C, ule wa kurudisha umeme kwenye transfoma; kwenye mfumo wa volti 24, kati ya R (waya wa kuleta umeme) na C apate takriban volti 24 za AC (mkondo geu). Kioo kikibaki kinawaka, na kwa ulivyoeleza twatarajia hivyo, tatizo liko kwenye mawe au springi zake.

Pima mawe kwa mita ya volti, upande wa DC (umeme wa betri). Jiwe jipya la alkalini husoma volti 1.5 hadi 1.6. Kisha yarudishe, zima swichi kuu ya kiyoyozi ili mawe yafanye kazi, upime tena kwenye springi zenyewe, si kwenye vichwa vya mawe. Mawe yakijumlisha 3.1 na springi zikasoma 2.6, nusu volti imeliwa na kutu. Upepo wa bahari huacha chumvi, chumvi huvuta unyevu, na jiwe zima huonekana limekwisha.

Kabla ya kusafisha, toa mawe na uache swichi kuu imezimwa. Themostati ikiandikwa 240V, mwachie fundi. Unga mweupe ni jiwe lililovuja: vaa glavu, paka siki kidogo kwa pamba ya masikio, pangusa kwa spiriti, iache ikauke kabisa. Kutu ya kijani au kahawia isugue taratibu kwa msasa laini, kisha vuta springi milimita moja hivi ibane.

Tia mawe mawili ya alkalini ya aina moja, yote mapya. Ya kuchaji hutoa volti 1.2 tu kila moja, kwa hiyo alama huweza kuwaka hata yakiwa yamejaa. Na mkifunga nyumba msimu wa masika, andikeni mpangilio wenu kwenye karatasi kisha mtoe mawe. Mengi huvujia humo humo yakisahauliwa.