Maswali ya Wasomaji: Kiti cha Oba wa Benin

Binti yangu wa kidato cha pili anaandika insha kuhusu ufalme wa Benin. Ameanza na ramani ya nchi ya Benin. Yuko sawa? (Mzazi, Kisumu)

Ahamie Nigeria. Ufalme wa Benin ni wa watu wa Edo, na makao yake ni Benin City, mji mkuu wa Jimbo la Edo. Nchi jirani iliitwa Dahomey hadi 1975, ilipojipa jina la Ghuba ya Benin. Dahomey nayo ilikuwa na wafalme wake, huko Abomey, na insha nyingi huharibikia hapo: wafalme wa Abomey wanaorodheshwa pamoja na Oba, yaani wafalme wa Benin, kana kwamba ni ukoo mmoja.

Huku kwetu Wanga tunamjua nabongo, mfalme wetu. Oba naye hupatikanaje? Ndugu wanaweza kushindania kiti? (Msomaji, Mumias)

Kwa mila ya leo, hawawezi. Kiti ni cha kifungua mimba wa kiume. Ila haikuwa hivyo tangu mwanzo. Waliotangulia kutawala ni wafalme wa kale walioitwa Ogiso. Ukoo wa sasa ulianza na Eweka wa Kwanza, mwana wa Oranmiyan aliyetoka Ife, mji wa Wayoruba, na kwa karne kadhaa baada yake ndugu walimwagiana damu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Esigie alipigana na ndugu yake Arhuaran, aliyejiimarisha katika mji wa Udo. Mama yake Esigie, Idia, alimsaidia mwanawe hata yeye Idia akawa wa kwanza kupewa cheo cha Iyoba, yaani mama wa Oba. Utaratibu wa kifungua mimba ulikuja kukazwa karne ya 18, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Siku hizi mrithi huitwa Edaiken, na makao yake ni Uselu. Oba akifariki, neno kifo halitamkwi: Iyase, mkuu wa machifu wa mjini, huvunja chaki nyeupe mbele ya watu, na kila mtu ameelewa. Kisha Edaiken humzika baba yake kwa taratibu zote. Msomaji ashike hatua hii kuliko nyingine, kwa sababu kuzaliwa wa kwanza hakutoshi. Mazishi ndiyo yanayofungua urithi. Hata kwa raia wa kawaida ni vivyo hivyo. Nyumba aliyoishi baba hadi kufa, igiogbe, ni ya mwana wa kwanza wa kiume akishakamilisha mazishi. Msomaji wa Kiluo au Kiluhya atashtuka, maana kwetu nyumba ya wazazi kwa kawaida humwangukia kitinda mimba.

Baada ya mazishi mrithi hutoka Uselu na kuelekea mjini. Njiani hukwea mchikichi wa kimila, hupitia mahali paitwapo Usama kwa machifu wa Uzama, wanaomtawaza Oba, wakiongozwa na chifu Oliha, kisha huvuka daraja la Isekherhe na kuchagua jina la kutawalia. Ewuare wa Pili, Oba wa sasa, alitawazwa tarehe 20 Oktoba 2016 baada ya baba yake, Erediauwa. Oba mpya pia huagiza kichwa cha shaba cha baba yake kwa ajili ya madhabahu, kazi ya mafundi wa mtaa wa Igun. Pembe ya ndovu iliyochongwa husimamishwa juu ya kichwa hicho.

Mtiririko huu uliwahi kukatika vibaya. Februari 1897 jeshi la Uingereza liliteka mji, likapora maelfu ya sanamu, na Oba Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar. Alifia huko Januari 1914. Mwaka huohuo mwanawe akatawazwa kuwa Eweka wa Pili. Kiti kilikuwa kimekaa kitupu miaka 17.

Ninapokea wageni Waedo kazini. Niwasalimie vipi? (Msomaji, Nakuru)

*Koyo* hufaa saa yoyote. Asubuhi sema *ob'owie*, mchana *ob'avan*, jioni *ob'ota*. Kushukuru mtu mmoja ni *u ruese*, wengi *wa ruese*. Kila ukoo una salamu yake ya asubuhi ambayo watoto humpa baba. Ya ukoo wa Oba ni *la mogun*. Usiibebe kwa mtu yeyote tu ili uonekane mjuzi.

Matamshi: *gb* na *kp* hutoka kwa pigo moja, midomo na nyuma ya ulimi kwa pamoja. Ukichomeka irabu katikati umeharibu. Irabu ni saba. Anayejua Kikuyu ana nafuu hapa, kwani *e* ya Kiedo isiyo na nukta chini inakaribia *ĩ* yake, na yenye nukta inakaribia *e* yake. Toni nayo hubadili maana, na maandishi ya kawaida hayaionyeshi, kwa hiyo msikilize mgeni atamke kwanza ndipo umfuatishe.