Nairobi mpaka New York kwa ndege

Umeandika kwamba Nairobi mpaka New York kwa ndege ni kilomita 14,500, lakini moja kwa moja ni kama 11,850 bana, hiyo 14,500 ni ukipitia Dubai, maana Nairobi-Dubai peke yake ni kama 3,550 halafu Dubai-New York 11,000 na ushee. Ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018, kwenda New York ni masaa kama 15, kurudi 14 hivi, maana upepo wa huko juu unatoka magharibi kwa hiyo ukirudi unakusukuma. Mi nimeipanda, usiku kucha nakodolea ile skrini ya kiti cha mbele kilomita zinashuka polepole usingizi hauji. Ila 11,850 ni njia fupi kabisa kwenye ramani, rubani akikwepa dhoruba, kilomita zinaongezeka.