Maswali Yenu: Mashabiki wa Riwaya za Sayansi na za Ajabu Wanasoma Nini?

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, salamu kutoka Area C, Dodoma. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia hapa pamoja na ofisi, na jioni zangu huzimalizia katika riwaya za safari za anga na za nchi zisizokuwapo. Dar es Salaam nilikuwa na wenzangu wa kubadilishana nao vitabu. Hapa bado sijapata hata mmoja. Naomba unieleze mashabiki wa hadithi za aina hii wanasoma nini siku hizi, na kama katika Kiswahili kuna chochote, au itanibidi nibaki na Kiingereza tu.

JIBU: Ndugu yangu wa Area C, karibu Dodoma, na wenzako wapo. Kikundi chetu kina watu saba, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, na kitabu kimoja huzunguka mikono yote saba kabla hakijarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba “siku hizi” kwetu haina maana ya kitabu kilichotoka mwaka huu. Kitabu hutufikia kwa mitumba (nazungumzia vitabu, si Mji wa Serikali wa Mtumba), au kwa simu, au ndani ya begi la mtu aliyepanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, na siku kinapotufikia ndiyo siku kinapoanza kuwa kipya.

Kilichozunguka kuliko vyote ni Dune cha Mmarekani Frank Herbert, kilichotoka mwaka 1965, ambacho filamu za 2021 na 2024 zimekirudisha mikononi mwa watu ambao wazazi wao ndio waliokuwa watoto kilipochapishwa. Ni riwaya ya sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, ambako wenyeji huvaa mavazi yanayokusanya jasho na pumzi zao ili yawe maji ya kunywa, na ambako mtu akitema mate mbele yako amekuheshimu, kwa kuwa amekutolea maji ya mwili wake. Msomaji wa Bukoba, kwenye mvua nyingi, itabidi ajitahidi kuwaza. Sisi ambao mvua yetu huja msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na ambao tunajua kuoga kwa nusu ndoo na kumwagia mchicha maji yaliyooshea vyombo, tunazisoma kurasa hizo kama taarifa ya mtaani kwetu.

Dune ina jambo jingine ambalo mashabiki wa Ulaya hawana namna ya kulifaidi kama sisi. Herbert alichota maneno mengi ya Kiarabu akawatia vinywani watu wa jangwa lake: Mahdi, jihad, Lisan al-Gaib. Kwa msomaji wa London hayo ni mapambo ya mbali. Sisi lisani (ulimi) tunayo na ghaibu (yasiyoonekana) tunayo, na aliyesoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, anakumbuka kwamba nchi ya Mfalme Rai inaitwa Ughaibu. Mzee wetu alikwisha kuipita njia hiyo miaka 13 kabla ya Herbert, na hakuhitaji chombo cha anga.

Kitabu cha pili ni chembamba, na jina lake halihitaji kamusi: Binti, cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Kilitoka mwaka 2015, kikapata Nebula na Hugo, tuzo kubwa za hadithi za aina hii, na kikafuatiwa na vingine viwili vinavyoendeleza kisa. Msichana wa Kihimba, watu wa Namibia, anapata nafasi katika chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, anaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka bila kumuaga mtu, na anabeba udongo mwekundu wa kwao ambao hujipaka mwilini na nyweleni. Mwenzetu mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyetoka kijiji cha mbali huko Mpwapwa, alisema kwamba kukiamini chombo cha anga hakukumsumbua hata kidogo. Kilichomtoa machozi ni ule udongo. Muhula wake wa kwanza alikuja na kopo la karanga alizokaangiwa na bibi yake, akaliweka chini ya kitanda na kukataa kulifungua, mpaka karanga zikaota ukungu. Tangu jioni hiyo hakuna aliyemuuliza tena hadithi za sayari zina faida gani.

Vingine nitavipitia haraka. The Three-Body Problem cha Mchina Liu Cixin kilitoka kama kitabu nchini China mwaka 2008, kikaingia Kiingereza mwaka 2014, kikapata Hugo mwaka 2015. Kina mawazo makubwa kuhusu viumbe wanaoishi kwenye sayari yenye jua tatu na wanaotaka kuhamia kwetu, lakini wahusika wake ni wakavu kama makuti, na wawili kati yetu wamekiacha njiani. Parable of the Sower cha Octavia Butler kilitoka mwaka 1993 na kisa chake kinaanza mwaka 2024, jambo ambalo limewafanya wengi wakitafute ili walinganishe alichokiwaza na tulichokiona. Nakushauri ukisome mchana, kwa kuwa kinatisha, na kinatisha bila jini wala zimwi.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya swali lako, ambayo inanikera kidogo, ingawa si kwa kosa lako. Kiswahili kinavyo vitabu hivi, na vya kutosha kukumalizia mwaka mzima. Kilichotokea ni kwamba tumevikabidhi kwa mtihani, na mtu akishafaulu mtihani huviacha huko huko pamoja na sare ya shule. Mwaka jana nilinunua nakala ya Kusadikika, cha Shaaban Robert huyo huyo, karibu na soko la Majengo, kwenye rundo lililokuwa limechanganyika na vitabu vya kemia, kwa shilingi 2,000. Mwanafunzi aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameijaza maandishi ya penseli. Pembeni ya jina la Karama aliandika “mhusika mkuu, jasiri, mzalendo”. Pembeni ya kila mmoja wa wale wajumbe sita wanaotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, na wanaorudi na habari za kheri wakaishia kifungoni, aliandika “mhusika msaidizi”. Lakini ukurasa unaosema kwamba nchi hiyo iko angani, na kwamba mipaka yake ni upepo, haukuwa na alama hata moja. Nchi nzima inaelea hewani, na kijana hakuambiwa kwamba anaruhusiwa kushangaa! Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951. Kisome upya, ndugu yangu, na safari hii usitafute dhamira. Tafuta namna watu wanavyoishi mahali ambapo chini yao hakuna kitu.

Ukimaliza hapo, mtafute Katama Mkangi wa Kenya na Walenisi yake ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa na wakubwa wa nchi yake, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, naye anafika katika nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, linakwambia lenyewe kwamba wale ni sisi. Hiyo ni bunilizi ya kisayansi (hadithi ya kubuni inayojengwa juu ya sayansi) isiyohitaji kuombewa radhi mbele ya mtu yeyote. Kwa upande wa ajabu, anza na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 2001, ambamo mkubwa mmoja anayeitwa K anaandamwa na babu yake aliyekwisha kuzikwa. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, za 1990 na 1991, ni fupi, lakini usizianze ukiwa umechoka na kazi; mimi Nagona niliielewa mara ya tatu, na sina hakika kama niliielewa yote.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 13, tunaishi Kisasa. Mwanangu anasoma vitabu vinavyojaa wachawi na majini, na shangazi yake anasema vitamharibu. Je, nivichukue?

JIBU: Marahaba, mama. Usivichukue kabla hujamwomba akusimulie kimojawapo mkiwa mezani. Bibi zetu walitulaza kwa habari za mazimwi yanayomeza vijiji, na hakuna aliyeamka na hamu ya kumeza jirani. Katika A Wizard of Earthsea cha Ursula Le Guin, cha mwaka 1968, kijana mwenye kipaji anafungulia kivuli kibaya kwa sababu ya majivuno, kisha anatumia sehemu kubwa ya kitabu kulipa kosa hilo. Shangazi akikisoma huenda akakipeleka mwenyewe kwenye mafundisho ya vijana. Kama kijana bado hasomi Kiingereza kwa wepesi, mpe Adili na Nduguze. Humo kuna jini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na kuna ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao. Ziraili na Zirani cha William Mkufya, cha mwaka 1999, kinachotupeleka ahera, kiweke kwanza juu ya kabati, kwa kuwa maswali yake kuhusu imani yanamfaa mtu mzima.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wilayani Kondoa. Wanafunzi wangu wananiuliza hadithi hizi zinaitwaje kwa Kiswahili sanifu, nami huwajibu kila siku jina tofauti. Nisaidie.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, “riwaya ya kisayansi” huwafanya wengine wadhani unawapa kitabu cha baiolojia, kwa hiyo mimi hutumia “bunilizi ya kisayansi” kwa zile zinazojengwa juu ya sayansi, hata kama sayansi hiyo bado haijagunduliwa. Kwa zile za majini, wachawi na falme zisizokuwapo, wahakiki husema “fantasia”, nami sigombani nao, ila darasani napenda “hadithi za ajabu”. Neno hilo lina umri: aliyeitafsiri hadithi ya Alice ya Lewis Carroll mwaka 1940 alisema “nchi ya ajabu”, na kila mtoto alielewa. Kusadikika nitakiweka upande huo, Walenisi upande wa kwanza, na wanafunzi wako wakibisha, waache wabishe hadi kengele ilie.

Kuhusu nakala ya Walenisi ambayo wasomaji watatu wameniandikia kuiomba: ipo kwa mwenzetu wa Nkuhungu, amefika katikati, na baada yake zamu ni ya msomaji wa Area C.