Ukuta unalia kila asubuhi, kosa langu au la mwenye nyumba?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepanga chumba na sebule hapa Njombe, tangu baridi ianze mwezi wa 6 dirisha linatoka jasho kila asubuhi mpaka maji yanachuruzika, nyuma ya kabati kumeota fangasi weusi, nguo zinanuka na mtoto anakohoa usiku. Nimepaka rangi mara 2 kwa hela yangu wamerudi. Baba mwenye nyumba anasema eti najifungia sana. Ni kweli?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kikohozi kisipokata mpeleke mtoto kituo cha afya, usisubiri ukuta ukauke. Na rangi acha kabisa, utamaliza hela bure maana maji bado yapo.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Futa ukuta ukauke, bandika kipande cha foili kwa seloptepu pande zote 4 hewa isipite, kiache siku 2. Kikilowa upande wa chumbani hilo ni jasho la ndani, kikilowa kwa nyuma basi ukuta wenyewe una maji, labda yanapanda toka msingini au bati linavuja au udongo umerundikana nje, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, piga picha umtumie.

Ila kwa dirisha hilo nahisi jasho lipo. Pumzi zenu, sufuria inayochemka, nguo za mtoto kwenye kamba ndani, mvuke wote huo ukigusa kioo cha baridi unageuka maji kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na nyuma ya kabati hewa haifiki ndo mana fangasi wamehamia huko. Sogeza kabati sm 10 hivi toka ukutani, funika sufuria, nguo anika nje hata kama jua la kusuasua, na asubuhi fungua dirisha na mlango dakika 10, najua baridi itaingia lakini ukuta haupoi kwa dakika 10. Kama mliziba matundu ya juu ya dirisha kwa maboksi, zibueni.

Tafadhali sana jiko la mkaa usiingize ndani eti likaushe ukuta, hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Fangasi wafute kwa jiki na maji, glavu mkononi, dirisha wazi, mtoto awe nje, na usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu. Foili ikilowa pande zote 2, anzeni na ukuta kwa nje.