Mtoto ana ualbino? Mpeleke na macho, usiishie kwenye ngozi

Wazazi wenzangu wa Moshi na Arusha wenye watoto wenye ualbino, kwenye ngozi tunajitahidi sana, kofia ipo, mikono mirefu ipo, Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapa Moshi, tunapaka, ila macho tunayasahau na shuleni macho ndo yanamwangusha mtoto.

Iko hivi. Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga, na katikati yake kuna kasehemu kadogo ndo tunakotumia kusoma na kutambua sura ya mtu, sasa jicho linapojengeka melanini (ile rangi ya ngozi, nywele na macho) ikiwa pungufu kale kasehemu hakakomai vizuri. Ndo maana miwani inasaidia lakini haimalizi tatizo, wangu anavaa na akikaa nyuma ubao bado hauoni. Halafu mishipa ya fahamu inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo inavuka upande wa pili mingi kuliko kawaida (hata paka wa Siam wako hivyohivyo, wengine wanakuwa na makengeza), kwahiyo macho mawili hayashirikiani vizuri na kukadiria umbali ni shida, ngazi, mfereji, mpira unaokuja, msimgombeze akijikwaa jamani.

Na hili la kugeuza shingo naomba walimu mlisome. Macho yake yanacheza, ila kuna pembe moja akiegemeza kichwa yanatulia na anaona vizuri zaidi, sasa mwalimu anamwambia kaa vizuri nyoosha shingo, hapo umemnyang'anya kuona! Mwache. Na daftari akilisogeza mpaka puani mwache pia, haharibu macho.

Mpeleke kwa daktari wa macho angali mdogo, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya macho, usisubiri aanze darasa la kwanza. Apimwe miwani, na uulize kuhusu vifaa vya uoni hafifu, kioo cha kukuzia maandishi na kadarubini ka mkononi ka kusomea ubao. Darasani akae mbele na dirisha liwe nyuma yake maana mwanga unamuumiza, kofia aruhusiwe hata ndani.

Kwa kinababa wanaomnyooshea mama kidole, kwa aina iliyozoeleka huku kwetu kinasaba kinatoka kwenu wote wawili, mnakibeba bila kujua na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa na ualbino, nchini inakadiriwa mwenye ualbino ni mtu 1 kati ya 1,400 hivi, kwahiyo wabebaji ni wengi mno na hakuna laana wala nini.

Akikaribia mtihani wa taifa muone mwalimu mkuu mapema aombewe karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza, NECTA (Baraza la Mitihani) wanatoa kwa wanafunzi wenye uoni hafifu lakini lazima shule imuorodheshe wakati wa usajili.